Kuishi wawili York wakati wa winta: mwongozo kamili wa mto, baridi na unyevu wa ndani

Watu wakitaka kuhamia York, mji wa kaskazini mwa Uingereza, wanauliza kuhusu kazi na kodi ya nyumba, hamna anayeuliza mto unapita wapi. Na mji huu una mito miwili, Ouse ambao ndio mkubwa na Foss ambao ukiuona kiangazi unaona ni kamto tu kapole, inakutana pale Blue Bridge, na karibu kila winta Ouse unatoka nje ya kingo zake sehemu fulani. Mara nyingi maji yanaishia kwenye njia za pembeni, bustani, parking na zile pub za King's Staithe, nyumba za watu hayazifikii. Ila kuna miaka yanazifikia.

Mimi na mume wangu tumepanga nyumba ya zamani ya matofali upande wa Bishopthorpe Road, yeye anafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mimi natoka asubuhi, kwahiyo mengi ninayoandika hapa ni ya watu wawili ambao hawako nyumbani kwa wakati mmoja, na naona wengi wetu huku ndio tunavyoishi.

Hatua ya 1: Kabla hamjasaini mkataba

Ingieni kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza inayoonyesha hatari ya mafuriko, mnaweka postikodi, inawaambia hatari ya maji ya mto na hatari ya maji ya mvua yanayotuama juu ya ardhi, hivyo ni vitu viwili tofauti. Afu muulizeni mwenye nyumba au wakala kwa maandishi kama nyumba imewahi kuingia maji. Kwa maandishi nasema, sio kwa mdomo pale mlangoni mnapopewa funguo.

Halafu tumieni macho. Nyumba iliyowahi kufurika inajionyesha yenyewe: soketi za chini zimepandishwa juu hadi usawa wa kiuno, sakafu ya chini ni mawe au vigae hamna zulia, pembeni ya fremu ya mlango kuna reli za kuchomekea ubao wa kuzuia maji. Mkiona hivyo msikimbie, kwa maoni yangu hiyo ni nyumba ambayo mtu amejifunza na akatoa hela kuitengeneza, mi naogopa zaidi ile ya jirani yake yenye zulia jipya jeupe na soketi zote chini.

Maeneo ya kuuliza mara mbili ni King's Staithe na Tower Street, Skeldergate, sehemu ya Clementhorpe, Marygate, Huntington Road kwa upande wa Foss, na Fordlands Road kule Fulford. Ukipanda kuelekea The Mount au Acomb mto unausikia kwenye habari tu. Na mkichukua fleti ya juu msijione mmepona kabisa, kwasababu mita ya umeme, mlango wa kuingilia, baiskeli na gari vyote viko chini.

Hatua ya 2: Bima

Hii fupi ila msiiruke. Jengo ni la mwenye nyumba, bima ya jengo ni yake. Vitu vyenu vya ndani, yaani kochi, friji mliyonunua wenyewe, laptop, nguo, hivyo hamna mtu atawalipa kama hamjakata bima yenu wenyewe. Uingereza kuna mpango unaitwa Flood Re ulioanza 2016, unazisaidia kampuni za bima kuwakatia watu wa maeneo ya mafuriko kwa bei inayobebeka, na hata mpangaji anaingia kwa bima yake ya vitu vya ndani, sharti kubwa ni nyumba iwe imejengwa kabla ya tarehe 1 Januari 2009. Nyumba nyingi za zamani za York zinaingia, zile fleti mpya za mtoni ndio shida.

Mkilinganisha bei angalieni na kile kiasi mnachotakiwa kujilipia wenyewe kwanza kabla bima haijatoa chochote, kwa mafuriko huwa wanakiweka kikubwa kuliko cha wizi au moto. Bima rahisi yenye kiasi kikubwa hivyo, na vitu vyenu vyote thamani yake ni ndogo, mnakuwa mnalipia karatasi.

Hatua ya 3: Jifunzeni kuusoma mto

Hapa ndio penyewe. Mvua inayoifurisha York hainyeshi York. Inanyesha juu kule kwenye milima ya Yorkshire Dales, inashuka na mito ya Swale, Ure na Nidd, yote mitatu inamwaga kwenye Ouse kabla haujafika mjini. Kwahiyo unaweza kuamka jua linawaka, anga bluu, baridi tu ya kawaida, halafu mto unapanda masaa yote hayo kwa mvua ya jana ya watu wengine. Kutoka milimani mpaka mjini maji yanachukua kama siku moja hivi, inategemea na ardhi ilivyolowa na kama kuna theluji inayeyuka juu. Theluji nyingi Dales, halafu ghafla joto limepanda na mvua juu yake, hapo muwe macho.

Ndio maana mi nasema mafuriko ya Ouse yana adabu yake, yanapiga hodi. Kazi yenu ni kusikia hodi.

Fanyeni hivi. Wote wawili, sio mmoja, jisajilini kwa meseji za bure za Environment Agency, shirika la serikali linalofuatilia mafuriko, kwa postikodi yenu. Mmoja akiwa amelala mchana baada ya shifti ya usiku na simu iko kimya, mwingine anaipata. Meseji ziko ngazi tatu. Ya kwanza ni tahadhari, kwamba mafuriko yanawezekana, hiyo winta mtazipata nyingi mpaka mzizoee, na hapo ndio hatari yake. Ya pili ni onyo, mafuriko yanatarajiwa, hapo mnaanza kazi. Ya tatu ni onyo kali, hatari kwa maisha, hapo mnaondoka. Namba ya Floodline, simu yao ya kuulizia mafuriko, ni 0345 988 1188, inafanya kazi masaa 24.

Halafu kuna vipimo vya mto mtandaoni. Cha katikati ya mji kinaitwa Viking Recorder, kuna grafu inaonyesha maji yanapanda au yanashuka. Usiangalie namba peke yake, angalia mstari umelalaje: umesimama wima, umeanza kuinama, au umeshageuka. Mkipata mazoea angalieni na vipimo vya juu, vya Swale, Ure na Nidd, kama kule imeshageuka inashuka basi na huku itageuka, ni suala la kusubiri. Mume wangu anaangalia grafu hii kama watu wengine wanavyoangalia msimamo wa ligi.

Ili hizo namba ziwe na maana: Novemba 2000 Ouse ulipanda mita 5.4 juu ya kiwango chake cha kawaida cha kiangazi. Desemba 2015 ulifika kama mita 5.2. Ukienda pale King's Arms, ile pub ya King's Staithe inayofurika kila mara, kuna alama za mafuriko zilizopita, simameni karibu nazo wawili mpime, mkiona mstari uko juu ya kichwa cha mtu mzima mtaelewa kwanini naandika haya yote.

Na Foss una mambo yake. Ouse ukijaa unataka kuusukuma Foss urudi nyuma mpaka kwenye nyumba za watu, ndio maana wakajenga Foss Barrier, ilimalizika 1987, ni lango kubwa linashushwa kuzuia Ouse usiingie, halafu pampu zinachota maji ya Foss na kuyamwaga Ouse ng'ambo ya lango. Tarehe 26 Desemba 2015 maji ya Foss yalikuwa mengi mno, yakaanza kuingia kwenye jengo la pampu na kutishia mitambo ya umeme, ikabidi lango liinuliwe, na nyumba na biashara zaidi ya 600 zikaingia maji siku moja baada ya Krismasi. Baadaye wakaweka pampu mpya zenye uwezo wa kama tani 50 za maji kwa sekunde. Mkipanga upande wa Foss, msijipime kwa kuangalia Ouse.

Kitu kingine cha 2015 ambacho watu wamesahau ni kwamba kituo cha simu cha mjini nacho kiliingia maji, simu na intaneti zikakatika sehemu kubwa, na madukani mashine za kadi zikagoma. Kwahiyo wekeni keshi ndani, pauni 50 au 60 za noti ndogo ndogo, na muwe na pawabenki iliyojaa.

Hatua ya 4: Mwezi wa kumi, nyumba haijapoa bado

Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa inarudishwa nyuma, fanyeni hiyo siku iwe siku yenu ya kazi. Tafuteni koki kuu ya maji (mara nyingi iko chini ya sinki la jikoni), swichi kuu ya umeme na koki ya gesi pale kwenye mita, na kila mmoja azizungushe kwa mkono wake mwenyewe. Koki ambayo haijaguswa miaka inakwama, na ni bora igome Oktoba kuliko saa nane usiku bomba limepasuka kwa barafu.

Nyumba hizi za zamani chini ya sakafu ya mbao kuna uwazi, na nje ukutani karibu na ardhi kuna matofali yenye vitundu ya kupitisha hewa. Hapo ndipo maji yanapoingilia kabla hata ya mlango. Vifuniko vyake vinauzwa, muulizeni mwenye nyumba anunue, ni hela kidogo sana ukilinganisha na sakafu mpya. Msivifunike winta nzima lakini, mbao zinahitaji hewa la sivyo zinaoza.

Begi moja karibu na mlango, au juu ghorofani: pasipoti zenu, barua au code (namba za siri) za viza, mkataba wa nyumba, karatasi ya bima, dawa, tochi, chaja, nguo kavu na soksi nyingi. Vyeti vya shule na vya ndoa vitu vya kuvipiga picha na kuvihifadhi mtandaoni siku hiyo hiyo, wengi tunaviweka kwenye ile briefcase chini ya kitanda na kitanda kiko chini.

Gambuti pea mbili. Mbili! Msinunue pea moja ya saizi ya mume.

Hatua ya 5: Kila siku, yaani joto na unyevu

Sasa tuseme ukweli, siku za mafuriko ni chache, ila unyevu wa ndani mnaishi nao kuanzia Novemba mpaka Machi, na kwa wapangaji wengi huo ndio unaoharibu magodoro, nguo na kifua. Mji uko bondeni, ukungu unalala mtoni asubuhi, kuta ni za zamani. Ndani mnapika, mnaoga, mnapumua wawili, mnaanika nguo. Mvuke wote unatafuta sehemu ya baridi unakaa: dirishani, pembeni ya dari, nyuma ya kabati lililobanwa na ukuta wa nje. Siku ya kwanza ni jasho la dirisha, wiki kadhaa baadaye ni madoa meusi.

Kinachofanya kazi ni hiki. Asubuhi anayeamka au anayerudi shifti anafuta madirisha kwa kitambaa na kukikamulia kwenye sinki, usikianike kwenye redieta maana unayarudisha maji yale yale hewani. Fungueni madirisha ya pande mbili za nyumba dakika kumi hivi, hewa ipite, halafu fungeni. Najua inauma kufungulia baridi iingie ndani wakati mnalipia gesi, ila hewa kavu inapashika joto haraka kuliko hewa yenye maji. Vuteni kabati na kochi kutoka ukutani, upana wa kiganja unatosha. Maharage chemsheni na kifuniko, mlango wa jikoni umefungwa na feni inawaka. Na nguo, mzigo mmoja wa mashine unaweza kutoa mpaka lita 2 za maji hewani, kwahiyo anikeni chumba kimoja, mlango umefungwa, na mashine ya kukausha hewa inawaka humo. Hiyo mashine mi naitetea kuliko kifaa kingine chochote cha winta. Ukimwaga ndoo yake jioni ukaona maji yaliyotoka kwenye hewa ya chumba chenu cha kulala, hutabishana tena.

Kipimo kidogo cha unyevu ni cha bei rahisi, kama kinakaa kati ya asilimia 40 na 60 mko vizuri. Kikigoma kushuka na madoa yanarudi sehemu ile ile kila mkifuta, hapo shida inaweza kuwa ya jengo, bomba la mvua limepasuka au ukuta unafyonza maji, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Andikeni barua pepe, picha, tarehe. Mkiwa kwenye nyumba za halmashauri au za mashirika ya makazi, kuna Sheria ya Awaab iliyoanza kufanya kazi Oktoba 2025, inampa mwenye nyumba muda maalum wa kuja kuangalia na kutengeneza. Msikubali kuambiwa tu kwamba mnapika sana.

Joto sasa, na hapa ndoa nyingi zinatikisika. Huduma ya afya ya NHS inashauri vyumba mnavyotumia viwe angalau nyuzi 18. Sisi kwetu mmoja anataka 22 na mwingine anasema vaa sweta, sitaji majina. Tulichokubaliana ni kwamba thermostati inakaa 18 bila kuguswa, anayesikia baridi anajitafutia joto lake binafsi: blanketi la umeme, chupa ya maji ya moto, soksi za sufu, chai ya tangawizi. Blanketi la umeme linakula umeme kidogo sana ukilinganisha na kupasha nyumba nzima kwa ajili ya mtu mmoja aliyelala. Na anayelala mchana baada ya shifti chumba chake ndio kipashwe, huku chini mzime.

Boila ikizima asubuhi ya barafu, kabla hamjamwita fundi angalieni geji, iwe kati ya bari 1 na 1.5, na muangalie lile bomba jembamba la plastiki linalotoka nje ukutani, linagandaga. Limwagieni maji ya uvuguvugu, sio yanayochemka, halafu wekeni chupa ya maji ya moto juu yake, mwashe tena.

Moja naomba mnisikilize kama dada yenu: msiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba kwa ajili ya kuota moto, hata umeme ukikatika, hata mkifungua dirisha. Nyumba za huku zinafungwa zikafungika, ile hewa ya sumu haina harufu na inaua watu usingizini. Wekeni kengele ya kaboni monoksaidi. Umeme ukikatika pigeni 105 bure, mkisikia harufu ya gesi 0800 111 999.

Hatua ya 6: Giza, miili na njia za kwenda kazini

Mwishoni mwa Desemba jua la York linazama kabla ya saa kumi jioni na linachomoza baada ya saa mbili asubuhi. Mtu wa shifti za usiku anaweza kumaliza wiki hajaliona. NHS wanasema kila mtu afikirie kunywa vitamini D mikrogramu 10 kwa siku kipindi cha baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kuinywa mwaka mzima. Vidonge ni rahisi supamaketi. Na mtoke nje wawili mchana hata nusu saa siku ya off, hata kama ni kwenda kuangalia bata wanavyoogelea juu ya mabenchi ya Rowntree Park.

Njia: mto ukipanda, njia zote nzuri za baiskeli za pembeni zinakufa kwanza, New Walk, Terry Avenue na maingilio ya Millennium Bridge. Muwe na njia ya pili mnayoijua gizani, kwetu ni Bishopthorpe Road halafu Skeldergate Bridge au Fulford Road. Maji yakishuka msirudi haraka, yanaacha tope laini linateleza kama sabuni, na usiku linaganda. Gari usiliache St George's Field wala parking ya Esplanade kukiwa na onyo. Na usivuke maji yanayotembea, sentimita 30 tu zinaweza kulibeba gari, na kwenye maji ya kahawia huoni kama mfuniko wa mtaro bado upo.

Hatua ya 7: Onyo limekuja

Gawaneni kazi kabla, mwenye nguvu zake anapandisha vitu juu, mwingine anafunga. Kupandisha kuanze na vile visivyonunulika tena, halafu vya umeme, halafu chakula, mchele na unga vyote viende ngazi za juu. Mafuta ya kupikia pia, yakimwagika kwenye maji ya mafuriko hayo mafuta yanapaka ukuta mzima. Funikeni vitundu vya matofali ya nje, chomekeni ubao mlangoni. Zibeni sinki na bafu, na kwenye choo cha chini wekeni mfuko wa mchanga uliofungwa ndani ya plastiki, maana maji machafu yanapenda kupanda kwa njia hiyo. Mifuko ya mchanga msitegemee halmashauri itawaletea. Zimeni umeme na gesi kama maji yanakaribia, ila msiguse swichi mkiwa mmesimama majini.

Jirani mzee wa chini mgongeeni mlango. Mwenzako akiwa kazini mtumie meseji moja kamili, umefanya nini, hujafanya nini, utalala wapi, maana kupiga piga simu mtu akiwa anamwogesha mzee wa watu kunawachanganya wote wawili.

Hatua ya 8: Maji yakishatoka

Picha kwanza. Kila chumba, mstari wa maji ukutani ukiwa na rula pembeni, namba za friji na mashine, ndipo mtupe kitu chochote, na muiulize kampuni ya bima kabla ya kutupa. Maji yale yamechanganyika na ya chooni, vaeni glavu na gambuti, kila kilicholowa cha sponji kama godoro kiende. Umeme usiwashwe mpaka fundi aukague, gesi vile vile, fundi mwenye kitambulisho cha Gas Safe, yaani aliyesajiliwa rasmi kushika gesi.

Kukausha kunachukua wiki, kwa kuta nene hata miezi, na plasta inaweza kuonekana kavu kwa nje huku ndani inadondosha. Msikubali mtu aje kupaka rangi mapema eti mrudi haraka, mwambieni apime ukuta kwa kifaa mbele yenu. Vile vifuniko vya matofali vitoeni siku hiyo hiyo maji yakishuka.